Chini ya 0.1: kisa cha thairoglobulini iliyofunikwa

"Kaka, mashine imesema sifuri mara nne. Sasa mnanitafuta nini tena shingoni?"

Aliniuliza hivyo kwa simu, sauti yake ya Kitanga imetulia kuliko yangu. Mimi si daktari wake. Ni mtu wa maabara huku Marekani, nashinda na mirija na chati, na wagonjwa kwa kawaida nawajua kwa namba tu. Siku ile daktari wake, ambaye Kiswahili hakijui, aliniomba nimweleze mama huyu kwa lugha yake ni vipi majibu yaliyomfurahisha kila mtu kwa miaka miwili na nusu hayakuwa na maana tuliyoyapa. Mambo yake nimeyachanganya na ya wagonjwa wengine wa aina yake, na tarakimu nimezisogeza kidogo, ili asitambulike. Mtiririko wa kisa ni uleule.

Alikuwa na miaka 43 alipohisi kijivimbe shingoni akifunga ushungi mbele ya kioo. Ikathibitika ni saratani ya tezi ya thairoidi, ile aina ya papila, ambayo ndiyo ya kawaida zaidi na kwa wengi inatibika vizuri. Tezi yote ikatolewa. Uvimbe ulikuwa na sentimita 2.3, na kati ya tezi 11 za limfu zilizotolewa pamoja nao, 4 zilikuwa zimeingiwa na saratani. Mtaalamu wa patholojia akaongeza mstari mmoja chini ya ripoti yake: nyama ya tezi iliyozunguka uvimbe ilikuwa na dalili za Hashimoto, ugonjwa ambao kinga ya mwili huishambulia tezi yake yenyewe. Mstari ule ulipitwa haraka. Baadaye ndio ulioeleza kila kitu.

Akapewa iodini ya mionzi ya kuunguza mabaki ya tezi, milikyuri 100, kisha akaanza levothairoksini ya kila asubuhi, kidonge kinachoshika nafasi ya homoni ya tezi. Kilichobaki kilikuwa ufuatiliaji, na ufuatiliaji wa saratani hii unasimama juu ya protini moja, thairoglobulini. Mwilini hutengenezwa na seli za tezi ya thairoidi tu, pamoja na saratani zinazotokana na seli hizo zikiwa bado hazijapoteza tabia za asili yake. Tezi ikishaondolewa yote, protini hii haina pa kutoka. Ni kama nyumba iliyohamwa: ukiona moshi jikoni, ujue kuna mtu. Mwongozo wa mwaka 2015 wa chama cha wataalamu wa thairoidi cha Marekani ulimhesabu mgonjwa kuwa ameitikia matibabu vizuri sana iwapo thairoglobulini yake iko chini ya nanogramu 0.2 kwa mililita akiwa anatumia levothairoksini, picha zake ni safi, na damu yake haina kingamwili dhidi ya protini hiyo, yaani protini ambazo kinga ya mwili hutengeneza ili kuishika. Sharti hili la mwisho ndilo watu hulisahau.

Majibu yake yalikuja hivi. Wiki ya sita baada ya upasuaji, thairoglobulini chini ya 0.1. Mwezi wa 12, chini ya 0.1. Mwezi wa 24, chini ya 0.1. Mwezi wa 30, chini ya 0.1. Hizo ndizo sifuri zake nne. Pembeni ya kila moja kulikuwa na namba ya pili, ya kingamwili dhidi ya thairoglobulini, ambayo kwa mtu asiye nazo ilitakiwa isivuke uniti 4. Yake ilianza 260, ikashuka hadi 131, ikashuka tena hadi 96. Halafu mwezi wa 30 ikaruka hadi 212.

Imunoasei tunayoitumia kila siku, yaani kipimo kinachokamata kitu kwa kingamwili, hufanya kazi kwa kubana pande mbili. Kingamwili ya kwanza, iliyotengenezwa kiwandani, huishika thairoglobulini upande mmoja na kuibakiza ndani ya kipimo. Ya pili huishika upande mwingine ikiwa imebeba kitu cha kutoa mwanga. Vinavyoelea vinaoshwa, mashine inasoma mwanga uliobaki. Naomba hapa msomaji asimame kidogo: mashine haisomi thairoglobulini, inasoma mwanga. Sasa mgonjwa akiwa na kingamwili zake mwenyewe dhidi ya protini hiyohiyo, zinakuwa zimekwisha kuikumbatia kabla damu haijafika maabara. Sehemu za kushikia zimefunikwa. Mbeba taa anakosa pa kushika, taa inaondoka na maji ya kuoshea, na mashine inaandika chini ya 0.1 bila wasiwasi wowote. Hili si jambo la nadra. Karibu mgonjwa mmoja kati ya wanne wenye saratani hizi ana kingamwili hizo, na Hashimoto ni mojawapo ya milango yake mikuu.

Kwa hiyo nilimjibu, "Dada, ile si sifuri. Mashine imesema haikuona. Na shuka limetandazwa juu ya kitu tunachokitafuta."

Akanyamaza, kisha akacheka. "Basi mngeniambia mapema kwamba mnatazama shuka."

Alikuwa na haki. Lakini na shuka lenyewe lina habari yake. Kinga ya mwili huendelea kutengeneza kingamwili pale inapoendelea kuchokozwa na kile inachokipinga. Tezi ikitoka na mabaki yake yakiunguzwa, kichokoo kinaisha, na kingamwili hupungua polepole. Watafiti wa Pisa, Italia, walionyesha mwaka 2003 kwamba kwa wagonjwa walioondolewa tezi kabisa, kingamwili hizi huchukua kama miaka mitatu kutoweka, wengine haraka zaidi, wengine wakikawia. Kushuka kwake kutoka 260 hadi 96 kulikuwa kama inavyotarajiwa. Kupanda hadi 212 hakukuwa.

Ila kabla ya kumtia mtu hofu, maabara inapaswa kujishuku yenyewe kwanza. Nilipofungua kumbukumbu niliona kwamba kati ya mwezi wa 24 na wa 30 tulibadilisha vitendanishi (kemikali za kupimia) vya kipimo cha kingamwili, tukahamia kwa mtengenezaji mwingine. Vipimo hivi havilingani hata kidogo. Seramu moja, yaani maji ya damu yasiyo na seli, ukiipima kwa vitendanishi vya watengenezaji watatu unaweza kupata namba tatu zilizoachana mbali, hata mmoja akasema kingamwili zipo na mwingine akasema hazipo. Taarifa ya mabadiliko ilitumwa kwa madaktari, kwenye barua pepe ndefu ya aina ile ambayo hakuna anayeisoma hadi mwisho. Nisingemlaumu yeyote kwa hilo, nami siisomi.

Bahati nzuri seramu ya mwezi wa 24 ilikuwa bado ipo kwenye friza. Tukaipima upya kwa vitendanishi vipya, pamoja na ile ya mwezi wa 30, siku moja, mashine moja, mikono ileile. Ya zamani ikatoa 140. Mpya ikatoa 209. Yaani sehemu ya kule kupanda ilikuwa ya vitendanishi, na sehemu ilikuwa ya mgonjwa mwenyewe. Kutoka 140 hadi 209 ni ongezeko la karibu nusu. Hapo nilimpigia daktari nikamwambia tuache kubishana na mwanga, tupime tungamo.

Spektrometa ya tungamo haina haja ya kumulika kitu. Inakipa kitu chaji ya umeme, inakirusha ndani ya ombwe, na kukitambua kwa uzito wake ukilinganishwa na chaji iliyobeba. Shida ya zamani ilikuwa protini: kubwa, nzito, hazipendi kuruka. John Fenn, aliyepata Nobeli ya kemia mwaka 2002 akiwa na miaka 85 kwa kazi ya kurusha molekuli kubwa kwa unyunyizaji wa umeme, alisema kwa utani kwamba amewapa mbawa tembo wa molekuli. Thairoglobulini ni tembo kwelikweli: mnyororo wake unavyosomwa kwenye jeni una amino asidi 2,768, yaani matofali yanayojenga protini, na hutembea wawili wawili, uzito wa daltoni kama 660,000, daltoni moja ikiwa karibu uzito wa atomi moja ya haidrojeni. Sisi hatumrushi tembo mzima. Tunarusha ukucha wake mmoja tunaoujua vizuri.

Njia yenyewe ilichapishwa na Andrew Hoofnagle na wenzake wa Chuo Kikuu cha Washington, Seattle, mwaka 2008, na maabara kubwa za Marekani zikaja na namna zao baada ya hapo. Kwa ufupi inakwenda hivi. Unachukua seramu, unazifungua protini zilizojikunja, unakata vifungo vya salfa vinavyozishikilia, kisha unaweka tripsini, kimeng'enya cha jamaa ileile inayotusagia nyama tumboni. Tripsini hukata mnyororo karibu kila inapokutana na amino asidi ziitwazo lisini au arginini. Na ujanja wote uko hapa: tripsini haichagui. Thairoglobulini inakatwakatwa, na kingamwili iliyoikumbatia inakatwakatwa vilevile. Shuka na kilichofunikwa vyote vinakuwa vipande. Hakuna tena anayemkumbatia mwenzake.

Kati ya vipande hivyo kuna kimoja chenye amino asidi 12, tunachokiandika kwa herufi VIFDANAPVAVR. Kikibeba chaji mbili, mashine hukiona kwenye alama ya 636.4, yaani uzito wake ukigawanywa kwa chaji. Kabla ya kukitafuta tunatia kwenye kila sampuli kiasi kinachojulikana cha pacha wake, peptidi (kipande kifupi cha protini) ileile iliyotengenezwa kwa arginini yenye kaboni 13 na naitrojeni 15, aina nzito za atomi hizo. Pacha huyu ni mzito kwa daltoni 10, na kwa kuwa naye amebeba chaji mbili, anaonekana hatua 5 mbele, kwenye 641.4. Kikipotea kitu njiani, kwenye kuosha au kwenye kromatografia, ile hatua ya kutenganisha vipande, wanapotea wote kwa uwiano uleule. Basi hatuhitaji kujua kilichopotea. Tunasoma uwiano wa wawili hawa, hesabu inakuwa imekwisha.

Kazi ngumu ni umati. Albumini, protini iliyo nyingi kuliko zote kwenye maji ya damu, peke yake ni kama miligramu 40 kwa mililita. Ukitafuta nanogramu 2 au 3 za thairoglobulini, kila nanogramu moja yake imezungukwa na nanogramu zaidi ya milioni 10 za albumini, na albumini nayo imekatwa vipande vinavyopiga kelele masikioni mwa mashine. Ndiyo maana kabla ya kuingiza sampuli tunavua ile peptidi yetu kwa shanga ndogo za sumaku zilizovikwa kingamwili inayoijua peptidi hiyo. Naam, kingamwili tena! Mwenzangu mmoja hunicheka kila nikilieleza hili. Tofauti ni kwamba hizi zinafanya kazi baada ya kingamwili za mgonjwa kusagwa, na hazina kazi ya kuhesabu. Kazi yao ni kuvua tu. Zikivua pungufu, pacha mzito atatuambia.

Mkimbio wa kwanza wa sampuli yake niliutupa. Ndani ya mashine peptidi huvunjwa tena, na tunafuata vipande viwili vya uvunjikaji huo: kimoja cha kuhesabia, kingine cha kuthibitishia. Uwiano wa viwili hivyo lazima ufanane na wa pacha. Kwake haukufanana, ulitoka nje ya mpaka wetu, maana yake kulikuwa na kitu kingine kimepita mlango mmoja na peptidi yetu wakati mmoja. Ukiripoti jibu la namna hiyo umeripoti mtu usiyemjua. Tukabadilisha safu ya kromatografia, tukaandaa sampuli upya kuanzia seramu.

Mara ya pili uwiano ulikaa sawa, na jibu likawa nanogramu 2.6 kwa mililita. Damu ileile ambayo imunoasei iliandika chini ya 0.1.

Daktari alitaka kujua mara moja kama inapanda. Tulichukua damu nyingine baada ya miezi mitatu: 3.1. Akasema, "Unaona, inapanda." Nikamwambia hapana, bado. Kipimo chetu kwenye viwango hivyo hutawanyika kwa kama asilimia 8 ukikirudia. Kwa utawanyiko huo, majibu mawili lazima yaachane kwa zaidi ya asilimia 22 ndipo useme kwa uhakika wa asilimia 95 kwamba tofauti si ya mashine, na hapo sijahesabu mabadiliko ya mwili wenyewe. Kati ya 2.6 na 3.1 ni asilimia 19. Jambo hili huwaudhi madaktari, nalielewa, lakini namba mbili si mwelekeo.

Kilichotoa jibu ni friza, kwa mara ya pili. Seramu ya mwezi wa 12 ilikuwa imebaki kidogo, robo tatu ya mililita. Tukaipima pamoja na ile ya miezi 33 kwenye mkimbio mmoja. Ya zamani: 0.9. Mpya: 3.0. Hapo hakuna tena ubishi wa asilimia. Thairoglobulini ilikuwepo tangu mwanzo, kidogo, na ilikuwa imeongezeka mara tatu na zaidi chini ya pua zetu, wakati kingamwili zake zikishuka na sisi tukifurahi.

Ultrasaundi ya mwezi wa 18 haikuwa imeona kitu. Safari hii aliyeishika mashine alijua anatafuta nini, na alitulia upande wa kushoto, chini, nje ya mshipa mkubwa wa shingo. Akapata tezi ya limfu ya milimita 9, ya mviringo badala ya umbo la harage, imepoteza ule mstari mweupe wa katikati, na ndani ina vidoadoa vya chokaa. Sindano nyembamba ikaingizwa. Seli zilizotoka zilikuwa chache, na patholojia ikaandika kwamba haiwezi kuamua. Lakini daktari alikuwa amefanya jambo dogo la busara: baada ya kumwaga seli kwenye kioo, aliisuuza sindano kwa mililita 1 ya maji ya chumvi na kutuletea suuzo lile. Tezi ya limfu haina sababu yoyote ya kuwa na thairoglobulini ndani yake; ikizidi nanogramu 10 kwa mililita kwenye suuzo watu huanza kutilia shaka. Yake ilitoa zaidi ya 1,800, tena kwa imunoasei ya kawaida. Ndani ya tezi ile protini ilikuwa nyingi kiasi kwamba kingamwili hazikutosha kuifunika.

Akafanyiwa upasuaji wa pili. Tezi 9 za limfu zikatolewa upande ule, 2 zikiwa na saratani.

Nimesimulia kisa hiki mara kadhaa kwa wanaojifunza kazi, na kila mara kuna anayeruka na kusema basi tuwapime wagonjwa wote kwa spektrometa. Nabisha. Mgonjwa asiye na kingamwili, imunoasei nzuri inashuka hadi 0.1 kwa dakika chini ya 30 na kwa bei ya chini. Njia ya tungamo tunayoitumia sisi haiamini chochote chini ya 0.5 na inamaliza siku nzima ya fundi. Kumhamishia huko ni kumpunguzia uoni na kumwongezea gharama. Na kwa wenye kingamwili pia haifai kuitazama kama hakimu wa mwisho. Mwaka 2017 jarida la Thyroid lilichapisha utafiti ulioonyesha kwamba sehemu kubwa ya wagonjwa wenye kingamwili na ugonjwa unaoonekana wazi kwenye picha walikuwa na thairoglobulini isiyopimika hata kwa spektrometa. Matokeo yale yalituuma, maana tulikuwa tumejisifu sana. Yawezekana kingamwili huiondoa thairoglobulini kwenye damu haraka mwilini mwenyewe, kabla haijafika kwenye mrija. Tripsini inaondoa shuka. Haiwezi kurudisha kitu kilichokwisha kubebwa nje ya nyumba.

Kuna na hatari nyingine ambayo imunoasei haina. Tunaitambua thairoglobulini kwa ukucha mmoja. Mtu akizaliwa na badiliko dogo la jeni linalobadilisha amino asidi moja tu ndani ya zile 12, uzito wa peptidi unahama, na mashine itamtazama machoni isimwone. Ndiyo maana napendelea kufuata peptidi mbili, japo inatugharimu muda.

Kwa hiyo ingekuwaje kama mama huyu angetoka chini ya 0.5? Nadhani bado ningemwambia daktari atafute. Kingamwili zilizopanda kwa nusu, zimethibitishwa kwa vitendanishi vilevile siku ileile, kwa mtu aliyeingia na tezi 4 za limfu zenye saratani: hiyo peke yake ilitosha kuirudia ultrasaundi. Spektrometa ilitupa uhakika wa kumshawishi mtu wa ultrasaundi atulie mahali pamoja kwa dakika 20, na ilitupa namba ya kufuata baadaye. Si haba.

Miezi mitatu baada ya upasuaji wa pili, kipimo cha tungamo kilitoka chini ya 0.5. Kingamwili, kwa vitendanishi vipya, 158. Alinipigia mwenyewe safari hii, namba alipewa na daktari.

"Kaka, na hii chini ya 0.5 nayo ni shuka?"

Nikamwambia si shuka, ila ni mahali macho yetu yanapoishia, na kwamba tutazitazama kingamwili zake zikishuka kwa miaka miwili mitatu ijayo. Akaniuliza kama seramu yake bado tunaihifadhi. Nikamwambia ipo mirija minne, nyuzi 80 chini ya sifuri, rafu ya tatu. Akasema nisiiruhusu mtu aitupe.

Niliandika kwa kalamu nene kwenye boksi: usiguse.